Kupima mkazo uliobaki kwenye chuma kwa eksirei: mwongozo kamili, tukianza na jani la springi

Semi zinazotoka Tunduma zimebeba mzigo, mpaka zije zimalize Mbeya mjini, Uyole, Igawa, Makambako, halafu zishuke Kitonga, springi zake zinakuwa zimekula shida ya kutosha, ndo maana gereji za kupiga springi huku kwetu hazikosi kazi hata msimu wa mvua. Jani likikatika dereva atasema barabara, fundi atasema chuma feki, wanabishana mpaka chai inapoa. Lakini kuna kitu cha tatu ambacho wote wawili hawakioni kwa macho, nacho ni mkazo uliobaki ndani ya chuma chenyewe hata kama gari limepaki na halina mzigo. Wengi tunaita stresi tu, ntatumia yote mawili.

Iko hivi. Jani jipya la springi likiwa kiwandani linapigwa vigololi vidogo vya chuma kwa kasi kwenye ule upande wa juu, wa ndani ya upinde, maana gari likilemewa springi inanyooka na huo upande ndo unavutwa. Vile vigololi vinaitandaza ngozi ya juu, inataka kutanuka, chuma cha chini yake kinaikatalia, kwaiyo inabaki imebanwa. Sasa ufa unafunguka pale chuma kinapovutwa, na kama ngozi imebanwa tayari basi mzigo lazima kwanza umalize huo mgandamizo ndo uanze kuvuta. Ni kama mkopo umelipiwa mapema. Halafu anakuja fundi, springi imelala, anaiweka kwenye mkaa na mvukuto mpaka inakuwa nyekundu, anaipiga nyundo inarudi upinde mzuri kabisa, na ule mgandamizo wote umekwenda na moto. Kwa macho springi ni mpya, kumbe imevuliwa koti na baridi ya Uyole yote hii.

Mi nilitaka kujua kwa namba, sio kwa maneno. Nikachukua vipande vitatu, jani jipya, jani lililotumika na jani lililorudishwa upinde kwa moto, nikaenda navyo kwenye maabara yenye mashine ya difraksheni, yaani inayopiga eksirei kwenye chuma na kusoma inarudi kwa pembe gani. Nilichojifunza, pamoja na nilichoharibu, ndo hiki hapa.

Elewa kwanza mashine inapima nini

Mashine haipimi stresi. Weka hilo kichwani kabla hujagusa kitu. Inachopima ni pembe, basi. Chuma ni punje nyingi za fuwele, kila punje ina atomu zimejipanga safu kwa safu, na nafasi kati ya safu na safu tunaiita d. Eksirei ikiingia kwa pembe sahihi inarudi kwa nguvu, ikiingia kwa pembe nyingine inajifuta yenyewe. Kanuni yake ni λ = 2d sinθ, waliyoifanyia kazi Bragg baba na Bragg mwana wakapata Nobel ya fizikia mwaka 1915. λ ni urefu wa wimbi la eksirei, unaujua. θ unaipima. Kwaiyo d unaipata.

Ukivuta chuma, safu ambazo zimekaa mkabala na mvuto zinaachana, d inaongezeka. Ukikibana zinasogeleana. Yaani safu za atomu zenyewe ndo rula yako, na kutoka kwenye mabadiliko ya d unapiga hesabu kurudi kwenye stresi ukitumia ugumu wa chuma, yaani kinavyokataa kuvutika. Kila hatua hapo katikati inaweza kukudanganya, na karibu kila udanganyifu nilioupata mi ulianzia kwenye maandalizi, mashine yenyewe ilikuwa haina kosa.

Eksirei au nyutroni?

Hapa watu wengi wanakosea kwa sababu hawakujiuliza swali lao ni la ndani au la juu. Eksirei ya tyubu (taa inayotoa eksirei) ya kromiamu kwenye chuma cha kawaida cha springi inaingia kama maikroni 5 hivi, maikroni ni milimita moja ukiigawa mara elfu, unywele wa mtu ni mnene kuliko hapo mara kumi na zaidi. Kwaiyo unapima ngozi ya ngozi. Kwa springi ni sawa, maana ufa unaanzia juu.

Lakini kama swali lako ni la ndani, mfano una kipande cha reli na unataka kujua katikati ya kichwa cha reli kuna nini, au weldingi nene ya chesisi, eksirei ya kawaida haikusaidii. Hapo ni nyutroni, ambazo zinapenya chuma kwa sentimita kadhaa, na unapima kijichumba kidogo cha ndani, mfano milimita 2 kwa 2 kwa 2, bila kukata kitu. Tatizo ni kwamba nyutroni zinatoka kwenye riakta ya nyuklia au kituo kikubwa. Kwa sisi wa huku kilicho karibu ni Pelindaba, Afrika Kusini, kwenye riakta ya SAFARI-1, wana mashine inaitwa MPISI iliyotengenezwa kwa kazi hii hii. Ulaya wapo ILL kule Grenoble wenye mashine ya SALSA, na Uingereza kituo cha ISIS chenye ENGIN-X. Unaandika maombi ya muda wa mashine, unaeleza kwa nini, unasubiri. Halafu kwa nyutroni lazima uwe na d ya chuma kisicho na stresi, tunaita d0, ambayo watu wanaipata kwa kukata vijitofali vidogo au kitana kutoka kwenye kipande pacha ili stresi ifunguke yenyewe. Ukikosea d0 kidogo tu majibu yote yanahama, na kwenye weldingi d0 inabadilika hatua kwa hatua kwa sababu kemia ya chuma pale sio moja. Kiwango cha kufuata ni ISO 21432. Nyutroni naishia hapo, zilizobaki ni za eksirei.

Kuchagua pointi na kukata

Chora jani lako kwenye karatasi. Weka alama ya pointi, na mshale wa mwelekeo unaotaka, maana stresi ina mwelekeo, kwa urefu wa jani ni namba moja na kwa upana ni nyingine. Usiseme tu "stresi ya springi", hiyo haina maana.

Ukiweza usikate. Kukata kunafungua stresi, ni kama kukata kamba iliyokazwa. Kama jani haliingii kwenye mashine na lazima likatwe, kata mbali na pointi yako, na usitumie grainda. Msumeno wa mkono na maji ya kutosha, hata kama utachukua saa mbili na mkono ukaota malengelenge. Kama una streini geji (kijikaratasi cha waya kinachopima chuma kinavyonyooka au kujibana), gundi yake na kifaa cha kuisomea, bandika kabla ya kukata ili ujue kiasi kilichofunguka.

Uso wa chuma, hapa ndo nilipoumia

Jani langu la kwanza lilikuwa na kutu na rangi nyeusi ya kiwandani. Nikaona aibu kulipeleka maabara likiwa chafu vile, nikachukua grainda na diski ya msasa, dakika moja likang'aa kama kioo, nikajisifia. Nikapima. Jibu likatoka chanya, yaani uso unavutwa! Jani jipya kabisa, lililopigwa vigololi, linavutwa? Nilikaa siku nzima natafuta kosa kwenye mashine. Mtaalamu wa maabara akaliangalia jani mara moja tu, akaniuliza, "Kaka, hii umeipitisha kwenye grainda?" Nikanyamaza.

Kilichotokea ni kwamba grainda inachoma ngozi ya juu kwa sekunde chache, ngozi inataka kutanuka kwa joto, chuma baridi cha chini kinaizuia, inakubali kujibana, ikipoa inakuwa fupi kuliko nafasi yake kwaiyo inabaki imevutwa. Na kumbuka nimesema eksirei inaona maikroni 5 tu, kwaiyo nilikuwa napima kazi ya grainda yangu, sio ya kiwanda. Msasa wa mkono nao una lake, mara nyingi unaongeza mgandamizo wa uongo.

Njia sahihi ni hii. Mafuta na vumbi toa kwa asetoni na kitambaa laini. Rangi toa kwa dawa ya kuondoa rangi, sio kwa kukwangua. Kutu nyepesi iache au itoe kwa kemikali laini. Halafu kama unahitaji kuingia chini, ula uso kwa umeme: jani linakuwa upande wa chanya wa pawa saplai, kipande kingine cha chuma upande wa hasi, katikati maji yaliyoshiba chumvi, chumvi ya jikoni hii hii. Umeme unaondoa atomu za juu bila joto na bila nguvu, kwaiyo hauongezi stresi. Unafunika sehemu nyingine kwa selotepu ngumu, unaacha dirisha la kama sentimita 1. Kuna watu watakwambia utumie asidi ya pekloriki maana inang'arisha vizuri zaidi, mi nasema achana nayo kama huna chumba na mafunzo yake, ile inaweza kulipuka.

Tyubu na kilele

Kwa chuma cha kawaida tumia tyubu ya kromiamu, na kilele cha safu za 211. Kilele ni pale eksirei inaporudi kwa nguvu zaidi, na 211 ni jina tu la safu fulani za atomu. Kinakaa karibu na 2θ, yaani θ mara mbili, ya nyuzi 156. Weka filta ya vanadiamu kuondoa wimbi la pili. Kwa aluminiamu kromiamu hiyo hiyo inafaa, safu za 311, karibu nyuzi 139.

Mashine nyingi zilizonunuliwa kwa ajili ya unga wa madini zina tyubu ya shaba, na mtu anakwambia "weka tu, itasoma". Itasoma lakini eksirei ya shaba inawasha atomu za chuma nazo zinatoa eksirei zao, unapata kelele nyingi kilele kinazama kama nyumba kwenye ukungu wa Kawetire.

Kwa nini pembe kubwa? Kwa sababu kilele kinahama kwa kipimo cha tanθ. Chukua chuma chenye mgandamizo wa megapaskali (kipimo cha stresi) 400 na kitu. Kwenye nyuzi 156 kilele kitahama kama nyuzi 0.64 kati ya kupima sampuli ikiwa wima na ikiwa imeinamishwa nyuzi 45. Mgandamizo ule ule ukiuangalia kwa kilele kilichopo 2θ ya nyuzi 45, kitahama kama 0.06 tu, mara kumi na moja chini. Huwezi kupima mchele kwa mizani ya magunia.

Kabla ya kupima, pima ambacho unakijua

Chukua unga wa chuma uliopikwa na kupoa taratibu. Unga hauwezi kubeba stresi kubwa, kwaiyo jibu lazima liwe karibu na sifuri. Kiwango cha ASTM E915 kinataka lisizidi megapaskali 14 chanya au hasi. Likizidi, mashine haijakaa sawa, mara nyingi ni urefu wa meza, yaani sampuli ipo juu au chini ya kitovu cha goniomita, ile sehemu ya mashine inayozunguka na kupima pembe. Rekebisha, rudia. Usipime kipande chako mpaka unga ukubali, hata kama mnatumia mashine kwa zamu na mwenzako amesimama mlangoni anaangalia saa.

Na usalama: mlango ufungwe, taa ya onyo iwake, beji ya kupima mionzi iwe kifuani na sio kwenye koti lililotundikwa. Vyanzo vya mionzi hapa nchini viko chini ya Tume ya Nguvu za Atomiki, TAEC, maabara lazima iwe na kibali. Usikubali mtu akuoneshe namna ya kudanganya swichi ya mlango.

Kupima kwenyewe

Njia ninayotumia ni ya sin²ψ. ψ ni kiasi ulichoinamisha sampuli kutoka wima. Ukiwa wima, safu unazoziona zimelala sambamba na uso. Ukiinamisha, unaanza kuona safu za punje nyingine zilizosimama zaidi, ambazo zinauhisi mkazo wa usoni moja kwa moja. Kama uso umebanwa, ukizidi kuinamisha d inazidi kupungua. Uzuri wa njia hii ni kwamba unalinganisha chuma na chenyewe, kwaiyo d0 haikusumbui kama kwenye nyutroni.

Gawanya sin²ψ sawasawa, sio pembe. Yaani 0, 0.125, 0.25, 0.375 na 0.5, ambazo ni nyuzi 0, 20.7, 30, 37.8 na 45. Chukua upande wa chanya na wa hasi pia, jumla 9. Doa la eksirei chagua kwa kolimeta (kitundu kinachobana mwale wa eksirei), kwa jani bapa milimita 2 inatosha, kwa kitu cha duara kama shafti doa lisizidi kama robo ya nusu kipenyo chake. Kama punje ni kubwa, mfano kwenye weldingi, yumbisha ψ nyuzi 2 au 3 huku na huku wakati wa kupima ili punje nyingi ziingie kwenye hesabu.

Muda usiubanie. Kilele hafifu chenye kelele kitakupa makosa makubwa, bora usubiri dakika kadhaa zaidi kwa kila pembe, nenda kanywe chai.

Zipo pia mashine ndogo za kubeba ambazo zinapiga mara moja tu na kusoma duara zima la eksirei iliyorudi, njia ya cosα. Ni za haraka na zinaweza kwenda gereji, ila zinasumbua zaidi kwenye chuma cha punje kubwa.

Hesabu

Kila ψ ina d yake. Chora grafu, chini weka sin²ψ, pembeni weka d. Pitisha mstari ulionyooka, chukua mteremko wake. Kisha

σ = mteremko ÷ (d × ½S2)

½S2 ni namba ya ugumu wa chuma kwa safu zile ulizochagua, kwa 211 ya chuma cha kawaida ni kama 5.8 × 10⁻⁶ kwa megapaskali. Tuseme wima ulipata d 1.1708, na kwenye sin²ψ 0.5 ukapata 1.1694, zote kwa angstromu. Tofauti ni −0.0014, gawa kwa 0.5, mteremko −0.0028. Zidisha 1.1708 kwa 5.8 × 10⁻⁶, gawa, inatoka kama −412 megapaskali. Hasi maana yake kubanwa, chanya kuvutwa. Umeona tofauti ilikuwa kwenye desimali ya tatu, ndo maana nilikuwa nakusumbua na unga na urefu wa meza.

Usichukue tu namba ya programu ukakimbia nayo. Angalia umbo la grafu. Pointi zikikaa kwenye mstari, poa. Matawi mawili, la chanya na la hasi, yakiachana kama mdomo wa ndege, ama kuna mkazo wa kukata ama mashine imekaa vibaya, rudi kwenye unga. Pointi zikipanda na kushuka kama meno ya msumeno, punje zimelala upande mmoja kwa sababu chuma kilipitishwa kwenye rola, au punje ni kubwa na ni chache, na hapo mstari ulionyooka ni wa kujipa moyo tu. Kiwango cha EN 15305 kimeeleza haya kwa kirefu.

Kushuka chini ya uso

Namba ya juu peke yake haitoshi kwa springi, unataka kujua mgandamizo unashuka mpaka wapi. Pima uso, ula kwa umeme maikroni 20, pima kina kwa mikromita, weka tena, pima. Halafu 50, 100, 150, endelea mpaka mgandamizo uishe. Hii ni kazi ya siku mbili au tatu, na ukitoa tabaka nene stresi ya chini nayo inajipanga upya, kuna marekebisho ya Moore na Evans ya mwaka 1958 ya kurudisha hesabu, kwa dirisha dogo kwenye jani nene mabadiliko ni madogo lakini yaandike.

Lile jani langu la grainda ndo nililiokoa hivi, chini ya ngozi iliyoungua mgandamizo wa kiwanda ulikuwepo, mzima kabisa. Jani lililotumika nalo lilikuwa bado na wake, umepungua kidogo. Jani la moto lilikuwa linacheza karibu na sifuri juu mpaka chini, isipokuwa pointi moja ambapo nyundo ilitua, pale kulikuwa na hasi kidogo.

Ukiandika ripoti weka tyubu, safu, pembe zote za ψ, ½S2 uliyotumia, ukubwa wa doa, mwelekeo, kina, ulivyoandaa uso, na kosa la kila namba. Andika −412 ± 15, usiandike −412.37, hizo desimali hakuna mashine iliyokupa.

Nilivyomwonesha fundi grafu aliitazama muda, akauliza kama akilipiga jani vigololi tena baada ya moto ule mstari utarudi chini. Kwa kanuni unarudi, ila moto wa mkaa unaharibu pia ugumu wa chuma, ule wa kukataa kubonyea, kama hakikupozwa na kupikwa tena kwa utaratibu, hiyo eksirei ya 211 haikuambii, itabidi upime ugumu pembeni. Vipande vyote vitatu nimevipaka grisi nimevihifadhi, maana ile pointi ya nyundo nataka niirudie kwa kolimeta ya milimita 1.